Hanzawei ya Ishirini

Cane Ferry, Mississippi
4 Machi 1984

Kwa Bibi Vella,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oakland, na kwamba goti lako la kulia, ambalo Mama alinidokeza habari zake, limepata nafuu. Sisi hapa hatujambo. Dada yako, Bibi Idabell, bado anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, na sauti yake ya pili bado inawafunika wanaoimba ya kwanza. Mama amehamishiwa shule moja ya Jackson. Mwezi uliopita mto ulifurika hadi uani, ukatuchukulia kuku wanne na kutuachia kambare mmoja chini ya ngazi. Bibi alimkaanga siku ileile.

Hatujawahi kuonana, kwa kuwa uliondoka mji huu miaka mitatu kabla sijazaliwa. Hivyo niruhusu nijitambulishe. Mimi ni Denetra, mjukuu wa kwanza wa dada yako na mtu wa kwanza wa ukoo huu kupata shahada ya pili. Tasnifu ninayoiandaa sasa, ambayo profesa wangu ameisifu mbele ya wenzake, inachunguza historia ya wimbo wako "Hanzawei" na ya wote waliourudia. Nimekusanya santuri arobaini na moja. Ninayo yako ya mwaka 1957. Ninayo ya Rusty Kimball, yule kijana wa Kizungu aliyeurekodi miezi minne baada yako, akaling'oa neno "hanzawei" na kupachika "mpenzi wangu", akapendwa na nchi nzima. Ninayo ya wale vijana watano wa Leeds, Uingereza, waliolirudisha neno mwaka 1965 kwa kulingurumisha hata likazua uchunguzi upya. Ninalo hata tangazo la sabuni ya kufulia lililotumia mahadhi yako.

Sasa niingie katika kiini cha barua hii. Kituo cha redio cha hapa Cane Ferry, ambacho tangu Agosti 1957 hakijawahi kuipiga santuri yako ila ya Kimball peke yake, kimepata uongozi mpya. Tarehe 15 Septemba kinakusudia kuondoa marufuku hadharani na kutundika kibao cha shaba mlangoni. Meneja, Bwana Prewitt, ameweka sharti moja: utie saini tamko kwamba "hanzawei" ni neno lisilo na maana yoyote. Tamko nimeliandika mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, nimeliambatisha.

Na kwa ajili ya tasnifu, naomba uniambie kwa siri: neno hilo lina maana gani? Mtaalamu mmoja wa isimu ananihakikishia kwamba lina asili ya Afrika Magharibi na linahusu ngoma ya duara.

Wako mtiifu,
Denetra Gaines

*

Oakland, California
29 Aprili 1984

Mjukuu wangu Denetra,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimevaa viatu vya kanisani, maana niliona haifai kusomwa kwa ndala. Goti bado linauma. Mwambie mama yako aache kulitangaza Mississippi nzima. Mume wangu Horace ameanza kulima nyanya kwenye madebe, anaziita kwa majina, na ile inayoitwa Denise imekufa. Tumehuzunika kiasi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Haikupoa, kwa hiyo naandika nayo.

Tamko lako ni zuri. Lina "ilhali", lina "kwa mujibu wa", halina kosa hata moja la herufi. Nimelitia chini ya debe la nyanya kuzuia maji. Mwambie Prewitt kwamba sikutia saini mwaka 1957, nilipokuwa na miaka thelathini na mbili na kila kitu cha kupoteza, wala sitatia leo nikiwa na goti moja na mume mwenye wazimu wa nyanya.

Ulitaka historia. Haya, sikiliza. Agosti ile kamati ya maadili ya mji iliniita. Wanaume saba walikuwa wamekaa. Mimi na watu wetu tulisimama ukutani, kwani viti vilikuwa vya Wazungu. Waliipiga santuri yangu kwa mwendo wake, wasisikie uchafu waliodai umo. Wakaipiga kwa mwendo wa polepole, sauti yangu ikawa ya ng'ombe dume mgonjwa, nao wakainamia spika wote saba kama wanaotafuta sindano sakafuni.

Mmoja akaruka. "Hapo! Mmesikia? Amesema lile neno!"

"Lipi?" nikamuuliza.

"Unalijua!"

"Silijui, bwana. Litamke tulisikie wote."

Akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. Ukutani mtu akacheka, akafukuzwa nje. Ndipo mwanakamati mmoja aitwaye Crutcher akaniuliza taratibu, kwa upole kabisa, "Vella, hebu tueleze. Hilo neno maana yake nini?"

Nikawatazama watu wetu ukutani. Nikasema, "Sisemi." Wakaufungia wimbo.

Huyo mtaalamu wako wa ngoma ya duara mpe salamu. Neno hilo limezaliwa Mtaa wa Commerce, nyuma ya boila. Zaidi ya hapo usiniulize.

Bibi yako,
Vella Stallworth Dupree

N.B. Umeandika mahali popote kwamba neno linatajwa mara ngapi katika wimbo?

*

Cane Ferry
6 Mei 1984

Bibi Vella mheshimiwa,

Shikamoo. Nampa pole Bwana Horace kwa msiba wa Denise. Huku harufu ya maua ya magnolia imeanza, na Bibi Idabell amegombana na kwaya nzima kuhusu majoho mapya, akashinda.

Barua yako imenifurahisha na, kusema kweli, imenijeruhi. Sidhani kama nilistahili dhihaka ile. Nimejitolea miaka miwili kulirudisha jina lako mahali ambapo santuri zote zimeandika jina la Kimball. Ukikataa kutia saini, tarehe 15 Septemba watapiga wimbo wa Kimball kwa mara nyingine, wataweka jina lake kwenye kibao, na wajukuu wa mji huu watakua wakiamini kwamba wimbo ule ulizaliwa naye. Ndicho unachokitaka?

Kuhusu swali lako: neno linatajwa mara kumi na tisa. Nimehesabu nikiwa na saa mkononi.

Denetra

*

Oakland
14 Juni 1984

Denetra,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniaga mwishoni. Ni sawa. Hasira imekutoa kwenye "ilhali", nimeanza kukuelewa.

Hesabu tena. Zipo ishirini.

Bibi V.

*

Cane Ferry
2 Julai 1984

Bibi Vella,

Shikamoo, na samahani kwa ukali wa barua iliyopita. Joto ni kali mno. Hata mbwa wa jirani amekataa kubweka.

Nimehesabu mara sita zaidi. Ni kumi na tisa. Nakiri kwamba katika ubeti wa tatu, mahali ambapo sikio linaitegemea hanzawei, gitaa linakatika ghafla na pana kimya cha mapigo mawili, kisha muziki unarejea. Katika tasnifu nimeeleza kwamba hilo ni kosa la kinasa sauti, na ushahidi ni kwamba wote waliokufuata walilirekebisha: Kimball alipaziba kwa kicheko, vijana wa Leeds kwa ngoma, tangazo la sabuni kwa mlio wa mapovu. Huenda hiyo ndiyo unayoihesabu?

Bwana Prewitt ametuongezea muda hadi siku yenyewe ya kutundika kibao.

Mjukuu wako,
Denetra

*

Oakland
9 Julai 1984

Denetra,

Marahaba. Horace mzima. Nyanya zimeiva.

Si kosa. Mpiga gitaa alitaka turudie, nikamwambia akithubutu kukijaza kile kimya nitamvunjia gitaa kichwani. Watu arobaini wameuchukua wimbo wangu na hakuna hata mmoja aliyeweza kunyamaza pale. Hapo ndipo wimbo ulipo. Kwingine kote ni kelele zangu tu.

Nimekaa na jambo hili miaka thelathini kwa ajili ya mtu mmoja. Umelelewa mkononi mwake, unakula mezani pake. Muulize. Akiruhusu, nitakuandikia yote. Asiporuhusu, acha wampe Kimball kibao.

V.

*

Cane Ferry
20 Julai 1984

Bibi Vella wangu,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za mto wala kanisa.

Nilimuuliza Jumapili, baada ya chakula. Alikuwa anamenya kunde kwa ule mtindo wake: mkono wa kulia unafanya kazi, wa kushoto umelala pajani ndani ya glavu nyeupe. Maisha yangu yote nimeiona glavu ile. Sisi wajukuu tuliambiwa kwamba alizaliwa hivyo, nasi hatukuuliza, kama mtu asivyouliza kwa nini ukuta uko pale ulipo.

Nilimwambia, "Bibi, Bibi Vella anasema nikuulize wewe kuhusu kile kimya kwenye wimbo."

Hakuinua macho. "Kimya gani? Ule wimbo sijawahi kuusikia hadi mwisho. Ukianza tu, mimi natoka nje."

"Kuna mahali neno linakosekana."

Kunde zikasimama. Akauliza, "Alipaacha wazi?"

"Amepaacha wazi, Bibi. Mapigo mawili."

"Mimi nilidhani kalijaza neno wimbo mzima." Akasogeza bakuli. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, na vitatu kati yake vilikuwa vimejazwa pamba. "Nilimwambia hivi: umeupeleka mkono wangu baa, watu wanaucheza wakiwa wamelewa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Yule mkaidi naye hakunijibu, akapanda treni."

Nikaanza kumenya kunde badala yake, Bibi. Mimi mwenye shahada mbili.

Akaifuta glavu kwenye aproni. "Mwambie aseme. Nina miaka sitini na minane, sina mchumba wa kumficha. Na mwambie goti lake nimelisikia, ajipake mafuta ya kafuri, asijifanye msichana."

Denetra

*

Oakland
11 Agosti 1984

Denetra mjukuu wangu,

Marahaba. Nimejipaka kafuri. Nyumba nzima inanuka hospitali, na Horace amehamia kwa nyanya zake.

Mimi na Idabell tulifanya kazi miaka minane katika kiwanda cha kufulia cha Hartsell, Mtaa wa Commerce, kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile ya mashuka ya hoteli. Ilihitaji watu wawili. Mmoja analitandaza shuka na kulinyoosha. Mwingine anakanyaga kikanyagio, na kifuniko cha chuma, kizito kama mlango wa jela, kinashuka. Mvuke ulikuwa mwingi kiasi kwamba humwoni mwenzako. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga ilikuwa lazima uite. Tulikuwa tunaita "mikono mbali" kwa Kiingereza chetu, 'hands away', na joto na haraka viliyatafuna yale maneno mawili mpaka likabaki moja: hanzawei! Pasi kumi na mbili, wanawake ishirini na wanne, kutwa nzima. Ukisimama mlangoni ungedhani ni kwaya. Ndipo nilipojifunza kuimba.

Hiyo ndiyo maana yake. Wimbo walioufungia kwa kuwa eti unawaalika wanaume washike ulikuwa unasema ondoa mikono. Cheka ukipenda. Mimi nimecheka sana, si kwa furaha.

Msimamizi wetu alikuwa Crutcher. Ndiyo, huyohuyo wa kamati. Jumatatu moja ya Julai 1954 alikuja na tai mpya, akasema, "Kuanzia leo sitaki kusikia kelele hizo. Wake za wakubwa wanakuja kuchukua nguo mbele, mnawatisha. Atakayeita, aende nyumbani." Kisha akasimama nyuma ya pasi yetu kuona nani atamjaribu.

Mimi nilikuwa mtundu tangu tumboni, Denetra, muulize yeyote. Lakini asubuhi ile nilitii. Neno lilifika hapa kooni, nikalimeza. Nikakanyaga.

Siku moja tu katika maisha yangu nilitii, na vidole vya dada yangu vikabaki kwenye shuka la hoteli.

Nilipopata studio nikaliita neno mara kumi na tisa kwa sauti yote niliyo nayo, na mara ya ishirini nikanyamaza, kama nilivyonyamaza siku ile. Crutcher alilijua neno lile kama anavyolijua jina lake. Aliponiuliza maana yake mbele ya mji mzima, alikuwa ananiuliza kama nitathubutu. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi. Lakini Idabell, aliyetoka nje santuri ilipopigwa, alikuwa amerudi ukutani na glavu yake, akanitikisia kichwa: usiseme. Nikamtii. Dada si msimamizi. Tangu hapo sijamtii mtu mwingine, na Horace atakuthibitishia.

Sasa unaelewa kwa nini siwezi kutia saini kwamba neno halina maana. Wapige wasipige, saini yangu hawaipati.

Bibi Vella

*

Cane Ferry
17 Septemba 1984

Bibi Vella mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na hili utaliona ni la ajabu kidogo ukishasoma yafuatayo.

Nilikwenda kituoni Jumamosi bila tamko. Nakala niliyobaki nayo nilikuwa nimeichana, na nakiri kwamba kuchana "ilhali" zangu kulinipa raha ambayo tasnifu haijawahi kunipa. Bibi Idabell alisisitiza kufuatana nami. Alivaa kofia ya Pasaka.

Bwana Prewitt alitupokea kwa bashasha. "Tamko la Bibi Vella liko wapi?"

"Hakuna tamko," nikamjibu. "Neno lina maana, na hatutalikana. Ukitaka kumpiga Kimball, mpige. Lakini nitasimama mlangoni pako, chini ya kibao chako, na nitamweleza kila anayepita kwa nini wimbo ulifungiwa na ni nani aliyeufungia. Jina nitalitaja."

Akamtazama Bibi, labda akitafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Bibi akasema, "Usinitazame mimi, kijana. Mimi ndiye niliyempika huyu."

Sijui ni tisho langu au ile kofia, alikubali. Lakini fundi mitambo, kijana mpole tu, akaja na mkasi mdogo na kanda aliyoinakilia santuri yako. "Kuna tundu hapa ubeti wa tatu," akasema. "Redioni kimya hakiruhusiwi, wasikilizaji watadhani tumezimika. Nakikata tu, hakuna atakayegundua."

Nikaweka kiganja changu juu ya mashine. "Ukate na mkono wangu, basi."

Hakukata.

Saa nne asubuhi wakaipiga. Bibi hakutoka nje. Alikaa wima mbele ya kipaza sauti kilichokuwa bado wazi, kwa maana nilikuwa nimetoka kukutambulisha hewani, akaivua glavu na kuiweka kwenye mkoba. Ubeti wa kwanza, midomo inacheza. Wa pili, macho yamefumba. Ubeti wa tatu gitaa likakatika, na katika kimya chako, Bibi Vella, kile ulichokilinda dhidi ya watu arobaini, dada yako akainama mbele na kuita kwa sauti ya pasi kumi na mbili:

"Hanzawei!"

Fundi akaangusha mkasi. Kabla wimbo haujaisha simu zilikuwa zinalia. Ya kwanza ilitoka kwa mwanamke aitwaye Maybeth Coyle, aliyekuwa pasi ya saba. Hakusema jina lake kwanza. Alipiga ukelele tu, neno lilelile, kisha akaangua kilio. Walipiga tisa. Prewitt aliwaweka hewani wote, nao wakaeleza wenyewe neno ni nini, na nani aliwakataza.

Njiani nilimuuliza Bibi kama alikuwa anakulaumu. Akasema, "Kwa lipi? Crutcher alisimama nyuma yangu pia. Mimi mwenyewe asubuhi ile niliita mara ngapi? Sifuri. Anadhani aliyetii ni yeye peke yake. Alipenda kuwa wa mbele tangu utotoni."

Kibao kina jina lako. Nimeambatisha kanda. Sura ya nne ya tasnifu, ile ya kosa la kinasa sauti, nimeitupa. Profesa amekasirika, nami nimemwacha akasirike.

Mjukuu wako asiye mtiifu tena,
Denetra

*

Oakland
2 Oktoba 1984

Denetra,

Marahaba, mara ishirini.

Kanda nimeisikiliza. Horace alikuja mlangoni kuuliza kwa nini nimekaa sakafuni na goti hili, nikamwambia aende kwa nyanya zake.

Mwambie dada yangu alichelewa nusu pigo. Alichelewa vilevile kwaya ya watoto mwaka 1931, akasingizia piano. Nakuja kumrekebisha mwenyewe. Treni inafika Jackson Ijumaa ya tarehe 19. Uje unipokee, utanitambua kwa fimbo na kwa harufu ya kafuri.

Na umwambie pasi hii naikanyaga mimi, na safari hii nitaita, kwa hiyo aitike.

Vella